Yule sista wa ubuyu pale dharura, leo nimefika mwisho!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata kandambili sijavua. Saa hizi ni saa 8 usiku. Mtu yeyote wa huku kwetu anamjua: yule sista wa mezani, mlango wa dharura, zamu ya usiku, hospitali ya mkoa. Simtaji. Hata watoto wa chekechea wanamjua.

Mwanangu ana miaka 3. Tangu magharibi anachemka, ungemwekea sufuria kifuani chai ingeiva. Zahanati ya mtaa nikakuta kufuli, wale saa 9 na nusu alasiri wanafunga. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya korongo, na korongo lile usiku bodaboda hata umpe nyumba havuki. Sasa niende wapi? Nikamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, bajaji, tukaingia dharura saa 3 kasorobo.

Sista yuko na mfuko wa ubuyu. Hakusimama. Kapachika kipimajoto kwapani, kikasoma 39.2. Kamtazama mtoto, kanitazama mimi kuanzia kandambili hadi kilemba, katema kokwa ndani ya glavu aliyoigeuza kikombe, halafu akasema kwa sauti ambayo hadi mochwari waligeuka: "Mama, hapa dharura, siyo gengeni. Homa ungekuja nayo asubuhi OPD, kwa wagonjwa wa nje."

Ndani ya GLAVU, wakuu.

Benchi zima kimya, wote wananiangalia kama nimeiba. Akambandika mtoto utepe wa kijani, na kidole chake kikaacha doa jekundu la ubuyu kwenye khanga yangu. Ninalo hapa nalitazama. Kila nikilitazama naisikia tena hiyo "siyo gengeni".

Saa 7 kasorobo ndipo daktari kijana, Mungu ambariki, akamtoboa kidole. Dakika 20 majibu: malaria. Tukapewa dawamseto tukarudi. Kipimo cha dakika 20! Na yule bado anatema kokwa kwenye glavu.

Nimemaliza. Semeni.

Bibi wa Bondeni: Pole sana mwanangu, mtoto anaendeleaje? Huyo tunamjua. Alimwambia jirani yangu uchungu wa kuzaa bado haujawa uchungu. Mtoto akazaliwa kwenye ngazi.

Kipara Ngoto: Insha yote hii kisa ubuyu. Weka picha ya hilo doa, la sivyo chai.

Mama Khanga (mleta uzi): @Bibi wa Bondeni asante mama, amelala sasa, jasho linamtoka. @Kipara wewe picha ya nini? Mtoto 39.2 unataka picha? Alitema kokwa KWENYE GLAVU mbele ya mgonjwa.

Sindano Mbili: Mimi ni nesi, wa mkoa mwingine kabisa. Dada pole, ila niwaeleze kitu. Utepe wa kijani siyo tusi. Nyekundu anaingia moja kwa moja, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani anaweza kusubiri hadi masaa 4. Wewe umeingia saa 3 kasorobo, umeonwa saa 7 kasorobo. Hesabu fanya mwenyewe. Juzi zamu yangu tulikuwa manesi wawili. Mgonjwa mmoja kaja na fangasi za vidole tangu mwezi uliopita, mwingine anataka karatasi ya ED, ile ya kupumzika kwa ugonjwa, apeleke kazini, wa tatu kaja kuongezewa dawa za presha kwa sababu foleni ya OPD asubuhi ni ndefu. Katikati ya hao analetwa kijana wa bodaboda paja limevunjika, damu inadondoka hadi kwenye viatu vyangu. Hao wote wananitukana kwa nini huyu kapita mbele.

Mama Khanga: Fangasi siyo mimi! Mimi nimeleta mtoto na zahanati imefungwa. Ungekuwa wewe ungempeleka wapi saa 3 usiku?

Sindano Mbili: Hapo una haki. Na mtoto wa homa hiyo mimi nisingempa kijani kabla ya kuuliza. Alikuuliza kama amepata degedege? Kama anakunywa? Kama anatapika kila kitu? Kama amelegea?

Mama Khanga: Hakuuliza hata jina lake. Alichosema ni kile kile, siyo gengeni.

Sindano Mbili: Basi huyo sina la kumtetea. Na ile glavu pia.

Fundi Rangi: Kwani dharura kuna ukaguzi wa kuumwa? Mimi nikiumwa naenda mlango ulio wazi. Usiku mlango ulio wazi ni huo tu. Wafungue zahanati usiku waone kama kuna mtu atawasumbua.

Kipara Ngoto: Zahanati ifunguliwe usiku na nani, wewe na brashi yako?

Mzee wa Stoo: Mnalalamika sista, mimi nalia na namba ya kudhibiti, ile ya kulipia. Jumatatu nimekaa kaunta masaa mawili, "mtandao hauko". Hela ninayo mkononi, mke anajikunja kwa tumbo, mashine haitaki hela. Namba ikatoka wakati tumeshahamia hospitali binafsi.

Dada wa Kadi: Angalau nyie mnalipa mkaondoka. Kadi ya bima ya mtoto, Toto Afya, nililipia 50,400 nikapumua, 2023 wakaisitisha. Mwanangu ana pumu. Ndiyo maana nasubiri hadi ashindwe kupumua ndipo niende dharura, maana dharura hawawezi kumfukuza. Foleni mnazozilalamikia zinatoka huko.

Sindano Mbili: @Dada wa Kadi hilo ulilosema ndilo linalotuua kazini. Mtoto wa pumu akionwa kliniki mapema, ana dawa ya kuvuta nyumbani, usiku haji kwetu midomo ya bluu.

Jamaa wa Mombasa: Majirani, nyinyi mko na nafuu. Huku tangu Oktoba 2024 tunakatwa SHA, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75 ya mshahara, ukifika hospitali unaambiwa sistimu iko chini, toa keshi mfukoni.

Kipara Ngoto: Mkenya na vyake. Huu uzi wa ubuyu.

Mzee wa Stoo: Na yule mlinzi wa geti anayedai buku la soda ili bajaji iingie, hamjamsema.

Fundi Rangi: Huyo mlinzi! Mimi alinizuia na baba mgongoni, anauliza "una miadi?"

Mama Khanga: Jamani mmemwacha sista. Alitema kwenye GLAVU.

Bibi wa Bondeni: Tumekusikia mwanangu. Hilo doa loweka na ndimu na chumvi usiku huu, likikauka halitoki.

Kipara Ngoto: Swali la msingi, ulikuwa ubuyu wa Zanzibar au huu wa mtaani?

Jamaa wa Mombasa: Kama umeacha doa hivyo ni wa huku kwetu Mombasa. Wa Zanzibar ni pilipili tu.

Mzee wa Stoo: Mombasa mna ubuyu nyie? Fungua uzi wako tuje.