Mjadala: Je, shujaa aliye nusu jini lazima atolewe ujini ili hadithi iishe?

Mwandishi wa Zamu

Ndugu wasomaji, naomba maoni yenu kuhusu jambo lililonikosanisha na mhariri wangu. Nimeandika riwaya inayotokea Dar es Salaam ya leo, na shujaa wake ni muuguzi wa zamu ya usiku ambaye baba yake ni fundi wa majahazi na mama yake ni jini. Akipita kati ya vitanda vya wodi hunusa udi pale ambapo mgonjwa atafariki kabla ya alfajiri. Hapo hapo upande wa mama humnong'oneza kwamba roho ile inaweza kubakizwa, mradi roho nyingine itolewe badala yake. Macho yake hugeuka mekundu, naye huinamisha kichwa kwenye daftari la dawa ili wenzake wasimwone. Mhariri anataka katika sura ya mwisho aombewe, ujini umtoke, kisha aolewe. Mimi nakataa, kwa sababu nusu ya mtu ikitolewa sijui aliyebaki ni nani. Je, ni lazima achague? Nimemfanya mzaliwa wa Tanga, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba maskani ya majini wa nchi hii ni Tanga.

Mwana Ngamiani

Sina neno na muuguzi wako, ila nina neno na sentensi yako ya mwisho. Huyo "kila mtu" ni nani? Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, na majirani zetu walikuwa watu wa bandarini, wa kiwanda cha saruji na wa mashamba ya mkonge, ambao jioni walikaa barazani wakinywa kahawa kama watu wa mji mwingine wowote. Dada yangu alipochumbiwa, wakwe walituma mtu kuuliza kama ukoo wetu unafuga majini, na swali hilo lilimliza kwa wiki nzima. Unapoandika sentensi kama hiyo kwa wepesi, unawapa wakwe wa namna hiyo kitabu cha kunukuu.

Mlokole wa Kyela

Mwandishi ameuliza aliyebaki ni nani, nami namjibu kwa Maandiko. Katika Marko sura ya 5, yule mtu wa makaburini aliyejikata kwa mawe alikuwa na pepo aliyejiita Legioni. Pepo walipomtoka na kuwaingia nguruwe wapatao 2,000, watu walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Aliyebaki, ndugu yangu, ni mtu mwenyewe, ambaye alikuwepo tangu mwanzo chini ya mzigo usiokuwa wake. Mhariri wako amesema kweli.

Bahari Shwari

Mlokole, kwa heshima, umejibu swali la mtu aliyeingiwa, wakati tumeulizwa kuhusu mtu aliyezaliwa. Huwezi kumtoa mtu damu ya mama yake. Sisi tuliosoma chuo cha Qurani tunajua kwamba majini ni viumbe walioumbwa kwa moto kabla ya binadamu, nao wana wajibu wa kumwabudu Mungu kama sisi. Katika Surat al-Jinn, aya ya 14, wanasema wenyewe kwamba miongoni mwao wamo Waislamu na wamo waliopotoka. Kwa hiyo kumwekea huyu binti mizani yenye wema upande wa ubinadamu na uovu upande wa ujini ni kosa la msingi, kwa maana binadamu naye ana uovu wake wa kumtosha. Isitoshe, mfano upo. Wasimulizi wa visa vya mitume wanasema kwamba mama yake Bilqis, malkia wa Sabaa, alikuwa jini, na kwamba Nabii Suleiman alielezwa kwamba miguu ya malkia huyo ina manyoya. Qurani yenyewe haisemi habari za mama huyo; inasema tu kwamba alipofikishwa kwenye sakafu ya vioo alidhani ni maji, akafunua miundi yake, kisha akasilimu. Hata katika visa vya wasimulizi hakuna anayesema kwamba ilibidi kwanza apungwe. Alisilimu akiwa kama alivyo.

Mwana Ngamiani

Bilqis alikuwa wa Sabaa, wala hakuna aliyewahi kuwauliza watu wa Sabaa kama wanafuga majini kabla ya kuwaoza. Bado sijajibiwa kuhusu Tanga.

Mwandishi wa Zamu

Nakujibu. Mapango ya Amboni yapo Tanga, na ndani yake kuna mahali ambapo watu huacha sadaka za mizimu. Sikuyachimba mimi. Shujaa wangu mama yake alitokea pangoni humo, na sura hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kama ningemweka Pemba, Wapemba nao wangelalamika, ingawa Popobawa, yule pepo anayesemekana kuvamia watu usiku majumbani, alianzia kwao wakati wa uchaguzi wa 1995 na hakuna asiyejua.

Mtu wa Wete

Nilikuwa nasoma kimya, sasa umenigusa. Kwanza, hofu ile ilianza Ramadhani, mapema mwaka huo, na uchaguzi ulikuwa Oktoba. Miezi yote iliyo kati umeifuta. Pili, umelitaja jina hilo kana kwamba ni pambo la hadithi. Watu wazima walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, wakiota moto hadi asubuhi, na hofu ilipovuka kwenda Unguja, kijana mmoja mgonjwa wa akili aliuawa mjini na kundi la watu waliodhani ndiye. Huyo hakuwa jini wala nusu jini. Mwandishi anayetaka kuandika habari za mtu ambaye wenzake wanamwona shetani anapaswa kuanzia kwa kijana huyo, na asiwatupie Wapemba lawama kwa mstari mmoja.

Mjukuu wa Kungwi

Naona tumeliacha swali, na mimi ninalo jibu ambalo nililiona kwa macho. Bibi yangu alikuwa kiti. Kwa wasiojua pwani, kiti ni mtu ambaye pepo humpanda. Hakuna aliyewahi kusema kwamba pepo wake atolewe atupwe. Fundi wa pepo alimpandisha kwa ngoma na ubani, akamuuliza jina lake, kabila lake na anachotaka. Pepo akataja pete ya fedha, kitambaa cheupe na karamu kila mwaka, na watu wazima wakakaa kitako wakapatana naye bei kama wanavyopatana mahari. Baada ya hapo bibi alipika, alilea na alisali, na siku ya karamu ilipofika alikuwa mwingine kwa usiku mmoja. Kwa hiyo swali la kuchagua halina asili katika mila hizi. Asili yake ni kupatana. Mwandishi angeandika sura ambayo muuguzi anakaa na ujomba wake wa kijini, wanaandikiana masharti, naye anayashika. Sura hiyo ingekuwa ngumu kuliko ya maombi, kwa kuwa masharti yanaweza kuvunjwa.

Bahari Shwari

Dada yangu, sikutaja Surat al-Jinn ili ije kuhalalisha karamu za pepo. Kumpa jini pete na kitambaa ili akuache ni kumtegemea asiyekuwa Mungu. Mgonjwa husomewa ruqya, yaani aya za Qurani za kuponya, akapewa kombe, maji yaliyooshewa aya, basi. Naomba jina langu lisitajwe pamoja na ngoma.

Mjukuu wa Kungwi

Sikulitaja jina lako.

Binti wa Kahama

Nyote mnazungumza habari za pwani, na hakuna aliyesimama kwenye sentensi iliyonishtua mimi, ile inayosema kwamba macho yake hugeuka mekundu. Usukumani, macho mekundu yamewaua wanawake wazee. Mama anapika miaka hamsini ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa sababu miti imekwisha. Moshi unamchoma macho mpaka yanakuwa hivyo moja kwa moja. Mtoto wa jirani akiugua, mganga anapiga ramli na kuelekeza kidole kwa mama huyo, na usiku wanakuja watu na mapanga. Haya yametokea Shinyanga na Mwanza miaka mingi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haijawalinda wazee hawa. Kwa hiyo mimi siulizi tena kama muuguzi achague nini. Nauliza kama mwandishi ana haki ya kuichukua alama ambayo kwetu ni hukumu ya kifo, akaifanya kuwa kweli ndani ya kitabu, yaani kwamba mwenye macho mekundu hakika ana jini.

Mwana Ngamiani

Hilo ndilo nililosema kuhusu Tanga.

Mwandishi wa Zamu

Dada wa Kahama, nimekusikia, lakini sikubali kwamba mwandishi akiigusa alama anaithibitisha. Nimeandika kutoka ndani ya kichwa cha mwenye macho hayo ili msomaji aone anavyojificha na anavyoogopa kutazamwa. Mkinipokonya Tanga, Pemba na macho, nitabaki na muuguzi asiye na mji wala sura, na hakuna msomaji atakayemlilia.

Mlokole wa Kyela

Nimeona ajabu kwamba tumegombana kuhusu miji na hakuna aliyeuliza habari za yule mwingine. Mwandishi alisema roho moja hubakizwa ikiwa nyingine itatolewa. Je, muuguzi huyu amewahi kukubali? Kwa maana kama amekubali hata mara moja, basi kuna mtu kitandani aliyekufa kwa ajili hiyo, na kumjadili muuaji kama mtu aliyepasuka nafsi tu ni kumdharau marehemu.

Mwandishi wa Zamu

Amekubali, katika sura ya tisa. Anamwokoa mtoto, na mzee asiye na ndugu wa kumtembelea anafariki kitanda cha pili. Nami nimeandika kwa makusudi kwamba usiku ule upande wa mama ulinyamaza kabisa. Aliyepima roho hizo mbili na kuamua ni muuguzi, kwa akili ya kibinadamu na kwa huruma ya kibinadamu. Hiyo ndiyo sababu nakataa sura ya maombi. Jini akimtoka, msomaji atadhani dhambi imetoka naye.

Binti wa Kahama

Kama usiku huo aliyeamua ni binadamu, basi katika sura ya tisa yaache macho yake yawe meupe.