Dume la nasaba la mlowezi lililipiwa na nani? Na leo mbegu ilipiwe na nani?

Mjukuu wa Saisi (mwenye mada)

Wadau, kuna hoja inayorudiwa kila tunapokutana wafugaji: eti kaunti zikitoa mbegu ya fahali kwa bei nafuu zinatudekeza. Eti mlowezi wa Kizungu alijijengea mifugo bora kwa pesa yake na jasho lake, nasi tujitegemee vivyo hivyo. Mimi napinga, na naomba nianzie kwenye farasi, ijapokuwa wengi wenu hamjawahi kushika hatamu.

Babu yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi wa mlowezi, upande wa Njoro, Bonde la Ufa hapa Kenya. Kazi yake ilikuwa kumtembeza farasi dume alfajiri, kumsugua mpaka ang'ae, na majike yakiletwa kutoka mashamba jirani, yeye ndiye aliyeshika kamba wakati wa kupandisha. Mzee alikuwa akicheka akisimulia kwamba yule farasi alikuwa na karatasi za mababu zake wote mpaka Uingereza, na yeye babu alikuwa na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni cha Mwafrika, kinachoning'inia shingoni.

Njoro ile ilikuwa nchi ya farasi kweli. Ndiko Charles Clutterbuck alikofuga farasi wa mbio, akiwa na dume wake Camciscan, na ndiko bintiye Beryl Markham, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, alikojifunza kazi ya mazizi. Kumleta dume mmoja hakukuwa mchezo. Safari ya meli mpaka Mombasa, kisha garimoshi lipite haraka nyika yenye mbung'o na usubi wanaoeneza tauni ya farasi, ndipo afike juu kwenye baridi akiwa mzima. Kwa hiyo waliomudu walikuwa wachache, na mwenye dume aliwatangazia majirani: leteni majike yenu msimu huu, ada ni kiasi fulani kwa kila jike. Majike mengi yalikuwa farasi wadogo wa Kisomali na wa Kihabeshi. Unamwacha jike kwa mwenye dume, akishika mimba unangoja miezi kumi na mmoja, kisha ndiyo unajua kama pesa yako imezaa.

Hapo mnaona biashara safi ya jirani na jirani. Sasa tazameni chini ya kwato.

Malisho yalitoka wapi? Wamaasai walihamishwa Bonde la Ufa mwaka 1904, wakaambiwa Laikipia ni yao, na kuanzia 1911 wakaswagwa tena kwenda kusini. Sheria ya ardhi ya 1915 ikampa mlowezi hati ya miaka 999. Maabara ya mifugo ya Kabete ilianza mwaka 1910, ikiendeshwa na serikali ambayo kodi yake ya kibanda aliilipa babu yangu. Kituo cha mbegu cha Kabete kilianzishwa na serikali hiyo hiyo mwaka 1946. Naivasha kulikuwa na kituo cha serikali cha kukuza mifugo. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za kujitegemea. Dume alikuwa wa mlowezi, ila gharama za kumfanya aishi na kuzaa zilikuwa kwenye migongo ya wengi.

Na kuna kitu kinaitwa kifagio. Wenye wazee waliokuwa maskwota wanalijua neno hili. Skwota aliruhusiwa kulima na kufuga kwenye shamba la mzungu, mradi afanye kazi. Wengine wakawa na mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi kuliko mwenye shamba alivyopenda. Miaka ya 1920 mifugo yao ikafagiliwa. Waliambiwa ni magonjwa, na ni kulinda damu ya ng'ombe wa gredi, yaani waliochanganywa na wa kigeni, wasipandwe na fahali wa kienyeji. Sikatai kwamba kupe ni kupe. Lakini skwota mwenye ng'ombe thelathini haamki saa kumi na moja kwenda kukamua ng'ombe wa mtu kwa mshahara wa kutupwa, na hilo nalo walilijua vizuri sana.

Hoja yangu ni moja: mifugo bora ya nyanda za juu ilikuzwa kwa mkono wa serikali tangu siku ya kwanza. Mkono huo ulipomfikia mwananchi ndipo ukaitwa kudekeza. Kaunti ilipie mbegu.

Mfugaji wa Molo

Ndugu mwenye mada, kwa ardhi na kifagio sina la kubishana nawe. Mamangu alizaliwa kambini baada ya wazee wake kufukuzwa shambani, kwa hiyo usinisomee historia kama mgeni.

Lakini unaruka upande mmoja. Serikali haikuwaokoa walowezi na kila kitu. Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa wakati ule, alileta kondoo kutoka New Zealand kuja Njoro hiyo hiyo, wakakonda wakafa. Ng'ombe wa kigeni wakakamuliwa roho na ndigana, ugonjwa wa kupe. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba udongo wa huko hauna madini ya kutosha ya kobalti, na ugonjwa wenyewe wataalamu wakaupa jina la Nakuru. Farasi hadhuriki na upungufu huo kama ng'ombe na kondoo, ndiyo maana farasi wa babu yako aling'aa pale pale ambapo kondoo walikuwa wakianguka. Delamere alipoteza mali yake mwenyewe akijaribu. Hilo nalo liandikwe.

Pili, mbegu ya serikali nimeiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Miaka ile gari la A.I., yaani la kupandikiza mbegu ya fahali kwa mrija, lilikuwa na njia yake na saa zake. Unamfunga ng'ombe kwenye kizuizi kando ya barabara tangu alfajiri, jua linakupiga, gari haliji. Ukiuliza unaambiwa hakuna mafuta. Ng'ombe akiingia joto Jumamosi, hiyo ni bahati yako mbaya, subiri siku ishirini na moja tena. Leo napiga simu, kijana anakuja na pikipiki na mtungi wake kabla chai haijapoa. Ni ghali, ndiyo. Ila ng'ombe anapata mimba kwa wakati. Mbegu ya bei rahisi isiyofika ni ghali kuliko zote.

Binti Kajiado

Mbona nyote mnasema "bora" kana kwamba neno hilo lina maana moja? Friesian wako wa Molo, huyo ng'ombe wa maziwa wa Kizungu, mlete kwangu mwezi wa tisa, mvua ikiwa imegoma, tuone ubora wake. Sisi tumechukua ng'ombe aina ya Sahiwal, na huyo hakutoka Uingereza, alitoka Punjab. Serikali ya kikoloni ilianza kumwingiza mwaka 1939, ikamkuza pale Naivasha, na kumbe aliyekuja kumfaidi sana ni Mmaasai aliyefukuzwa Naivasha. Kaunti ikilipia mbegu, kwanza iulize mfugaji anakaa wapi.

Mchagga Mstaafu

Nachungulia kutoka Moshi. Huku kwetu Wajerumani nao walihangaika na usafiri, farasi wanakufa, wakaona dawa ni punda milia. Bronsart von Schellendorff aliwanasa Kilimanjaro ili wafugwe na kuvushwa na farasi. Kwenu Nanyuki nako Raymond Hook alizalisha chotara wa namna hiyo wa kubeba mizigo mlimani. Wanyama wenye nguvu, lakini kama baghala, uzao unaishia hapo hapo. Mwaka 1914 walowezi wenu walikuja kupigana nasi wakiwa juu ya farasi wao wa fahari, mbung'o wakawamaliza farasi hao kabla ya risasi. Endeleeni, nawasoma.

Mjukuu wa Saisi

Mzee wa Moshi, umenichekesha, shikamoo.

Binti Kajiado, nakubali bila kupunguza neno. Mimi nilikuwa nawaza kwa kichwa cha mtu wa maziwa.

Mfugaji wa Molo, la gari la A.I. limenigusa, maana nyumbani pia tulilingoja. Lakini ulichoeleza ni kosa la utoaji wa huduma, si la nani alipe. Huduma ilipoachiwa watu binafsi miaka ya 1990, wewe wa kando ya lami ulipata pikipiki. Shangazi yangu huko ndani, mwenye ng'ombe wawili, alirudi kwa fahali wa jirani, yule yule asiyejulikana baba yake, na magonjwa ya uzazi juu.

Sasa nirudi kwa farasi nikupe pendekezo. Katika biashara ya madume wa nasaba kulikuwa na sharti maarufu: jike asipozaa, ada hailipwi, au anarudishwa msimu ujao bure. Mwenye dume alibeba hasara ya kazi isiyozaa. Basi kaunti isinunue magari wala isiajiri madereva. Iwaachie vijana wa pikipiki kazi yao, ila iwalipe kwa kila ng'ombe aliyethibitishwa ana mimba, na wa ndani kabisa alipiwe zaidi kwa ajili ya mwendo. Shangazi achague mbegu, iwe Friesian, Sahiwal au Ayrshire.

Mfugaji wa Molo

Hapo umeanza kuongea lugha ya biashara. Lakini farasi wa babu yako alikaa na jike siku nyingi, akimjaribu tena na tena. Kijana wa pikipiki anapiga mbegu mara moja anaondoka. Shangazi akichelewa kuona joto, ng'ombe hashiki, na kosa si la kijana. Atakula nini? Na huyo wa kuthibitisha mimba baada ya miezi mitatu analipwa na nani, na nani anamzuia asigawane na kijana?

Mjukuu wa Saisi

Alipwe nusu ya ada siku ya kupiga mbegu, nusu nyingine mimba ikithibitishwa, hiyo inamlinda kijana. La kugawana sina jibu bado. Mwenye kaunti iliyojaribu kitu kama hiki atuambie walilishughulikia vipi.