Yule "mchambuzi" wa muziki redioni Jumamosi usiku ametukosea adabu. Sekunde 40!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana msinikosoe.

Mnamjua. Yule mwenye sauti kama kameza spika. Simtaji. Leo usiku katangaza anachambua "wakongwe walioishiwa", nikakaa mkao wa kula, chai ya tangawizi mkononi. Akaanza na Raising Sand, albamu ya Robert Plant, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, na Alison Krauss, mwimbaji wa Kimarekani. Nikamwita mama watoto aje asikie muziki wa watu wazima.

Akaweka wimbo wa Please Read the Letter. Sekunde 40. AROBAINI! Zile sauti mbili ndiyo kwanza zinapanda pamoja, taratibu, kama watu wawili wanaopandisha kabati kwenye ngazi nyembamba bila kugusa ukuta, jamaa akakata. Akaweka tangazo la dawa ya kunguni. KUNGUNI. Aliporudi hewani akasema: "Babu kaishiwa pumzi, kaamua kuimba na binti yake."

Binti yake!

Mama watoto akacheka. Hapo ndipo nilipokufa. Redio nimeichapa kibao, betri zimeangukia kwa jirani.

Huyo "binti" ana tuzo 27 za Grammy, zile kubwa za muziki Marekani. Wewe una nini, kipaza sauti cha kuazima? Halafu eti wimbo wenyewe "wameuokota kijijini huko Marekani". Plant aliutoa mwenyewe na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, mwaka 1998! Ni sawa na kunikamata naiba kuku kwenye banda langu. Akamalizia eti albamu ilipuuzwa. Ilitoka 2007, Februari 2009 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka mbele ya Radiohead, Coldplay na Lil Wayne. Kupuuzwa kwa namna hiyo na mimi nakutaka.

Hayo yote ningemeza. Sekunde 40 na kunguni simezi. Ndiyo kwanza sauti zinapanda, jamani!

Kipande_cha_Muwa: Pole mkuu. Ila mama watoto alicheka nini hasa? Hapo hujafafanua.

Mleta mada: Jibu mada.

Bint_Pangani: Mimi niko na mtangazaji. Niliisikiliza yote, nyimbo 13. Wa saba nikalala, nimeamka maharage yameungua. Mtu aliyekuwa anapasua anga na Led Zeppelin leo ananong'ona kama anaficha deni?

Mzee_wa_Santuri: Mwanangu, maharage yameunguzwa na uzembe. Ule mnong'ono ndio kazi yenyewe. Desemba 2007 Led Zeppelin walirudiana wakapiga London, dunia nzima ikataka ziara, yeye mwaka uliofuata akazunguka na Alison. Na sikiliza T Bone Burnett, prodyuza wa albamu, alivyoziacha zile ngoma, utadhani kuna mtu anagonga sanduku chumba cha pili.

Bint_Pangani: Nilidhani ni mwenye nyumba anadai kodi.

Dereva_Mstaafu: Nyie mna bahati, mmewekewa hata hizo 40. Yule wa zilipendwa Jumapili anaongea juu ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe mwanzo hadi mwisho, anasalimia mashangazi. Wimbo unaisha bado yuko kwa shangazi wa tatu.

Kipande_cha_Muwa: YULE! Kuna mtu wa Kahama anamsalimia kila wiki. Nadhani anamdai.

Dereva_Mstaafu: Na akimaliza anasema "kibao murua kabisa hicho". Umekisikia saa ngapi?

Mleta mada: Wakuu, uzi ni wa sekunde 40. Anzisheni wenu.

Kipande_cha_Muwa: Mkuu, betri umeshazifuata kwa jirani?

Mleta mada: Amesema hajaziona. Redio yake imeanza kuunguruma sasa hivi.

Bint_Pangani: Samahani, hiyo dawa ya kunguni inaitwaje? Huku kwetu hali ni mbaya.

Dereva_Mstaafu: Usinunue. Mimi niliinunua, wamenenepa.

Mleta mada: JAMANI. ALIMWITA BINTI YAKE!!

Mzee_wa_Santuri: Bint, godoro litoe juani siku mbili, kisha pitisha maji ya moto kwenye chaga zote. Usisahau zile nyufa za pembeni, ndiko wanakozaliana.