Kitunguu saumu, mlonge au mafuta ya oregano kwa watoto wa nguruwe?

Mfugaji_Mpya: Wakuu, habari za humu. Nina watoto 22 wa nguruwe, wiki ijayo nawaachisha kunyonya wakiwa na siku 28. Kundi lililopita waliharisha siku ya nne tu baada ya kutenganishwa na mama, mikia imelowa, mgongo umechongoka. Sitaki tena kuchanganya antibiotiki kwenye chakula. Nalinganisha vitatu: unga wa kitunguu saumu, unga wa majani ya mlonge na mafuta ya oregano (jani la kiungo lenye harufu kali) ya dukani. Kipi kinakuza na kupandisha kinga?

BandaSafi: Mlonge utoe kwenye mashindano hayo, mkuu. Ule ni chakula. Majani makavu karibu robo ya uzito wake ni protini, kwa hiyo nguruwe akinenepa huenda ni protini tu imefanya kazi. Halafu una nyuzinyuzi, na tumbo la mtoto wa wiki nne haliziwezi. Mimi nawapa wakubwa.

Kijiko_Kimoja: Natumia kitunguu saumu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukichemsha kizima ndipo nikaponda. Kumbe ile allisini, kemikali ya kitunguu saumu inayopambana na vijidudu, haimo ndani ya punje nzima, inatengenezwa punje inapopondwa, na moto unaua kimeng'enya kinachoitengeneza. Miezi yote ile niliwanywesha mchuzi! Siku hizi naponda, naacha dakika kumi, nachanganya na chakula cha mlo huo huo. Wanakula vizuri. Kama wanakua zaidi, hapo siwezi kuapa, maana nawapa wote.

Daktari_wa_Zizi: Umeungama vizuri. Wengi humu husema "imefanya kazi" bila kundi la kulinganishia.

Kuhusu oregano: nguvu yake ni kavakroli na thimoli, kemikali za mafuta yake ambazo hutoboa utando wa bakteria. Maabarani zinaua kweli. Ndani ya nguruwe, sehemu kubwa hunyonywa mapema, tumboni na mwanzo wa utumbo, kabla ya kufika kwenye vijidudu vya huko chini. Ndiyo maana bidhaa nzuri hufunikwa kwa mafuta magumu. Soma lebo: kama haitaji kiasi cha kavakroli, iache, kwa sababu mmea huo huo hubadilika kwa udongo na msimu wa kuvuna. Kati ya vitatu vyako ningechagua hii, lakini yenye lebo.

Ila usitegemee iwe badala ya dawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia Januari 2006, kisha zinki oksidi ya kiwango cha dawa, iliyotumika kuzuia kuharisha, mwaka 2022. Wafugaji wa huko wanaofanikiwa hupunguza protini kwenye chakula cha kuachishia, huongeza asidi, na hulinda joto la banda. Mitishamba ni nyongeza. Mtoto anayelala kwenye sakafu yenye maji ataharisha hata umlishe shamba zima la oregano.

Mama_Banda: Na mwarobaini? Kuna jirani anasema unazuia homa ya nguruwe ya Afrika.

Daktari_wa_Zizi: Hapana, mama. Ile ni virusi na hakuna jani linaloizuia. Funga geti, usiwape mabaki ya nyama, viatu vya wageni vibaki nje. Mwarobaini ni mchungu, utawakatisha hamu ya kula bure.

Mfugaji_Mpya: Nimeelewa. Nanunua oregano, kundi moja 11 wapate, 11 wasipate.

BandaSafi: Wagawe ndani ya kila uzao, wazito kwa wepesi. Ukiwapa wa mama mmoja tu, utakuwa umepima maziwa ya mama yao. Chakula na banda viwe sawa. Pima siku ya kuachisha na baada ya wiki mbili, na andika kila anayeharisha.

Mfugaji_Mpya: Nimejaribu mizani leo kwa mmoja, nimemtia kwenye gunia na kuning'iniza. Kilo 7.4, na kelele za kijiji kizima. Sasa nimekumbuka gunia sikulipima.

Kijiko_Kimoja: Lipime likiwa kavu, mkuu. Keshakojolea.