Mjadala: Ukimpeleka mteja wako kwa mwenzako, ni haki kudai asilimia?

Kalamu Nyekundu
Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Mimi nabuni nembo na vipeperushi. Nikishamkabidhi mteja nembo yake, swali linalofuata karibu kila mara ni "na tovuti je?" Tovuti sitengenezi, kwa hiyo humuunganisha na mtu ninayeiamini kazi yake. Miaka yote nimefanya hivyo bure. Mwaka huu nimeanza kuomba asilimia 10 ya malipo ya kazi ya kwanza, na mmoja wa hao ninaowapelekea wateja amenijibu kwa ukali kwamba natafuta cha juu kwenye jasho lake.

Nasema hivi: mteja yule hakudondoka kutoka mbinguni. Nimemtafuta mimi, nimevumilia marekebisho yake, nimemjengea imani. Akifika kwako habishani bei kwa sababu nimeshakusemea. Hiyo ni kazi. Je, nakosea kudai?

Hesabu Kamili
Hukosei. Angeweka tangazo angelipa kwanza, tena bila uhakika wa kupata hata mteja mmoja. Wewe unamletea mtu aliye tayari, na halipi kitu mpaka pesa iingie. Amazon wanawalipa kamisheni wanaowaletea wanunuzi tangu 1996 na biashara inaendelea. Ila andikianeni: asilimia inatoka kwenye bei yote au kwenye kinachobaki baada ya gharama? Inalipwa mteja akitoa malipo ya awali au kazi ikiisha? Nafanya hesabu za watu, na nimeshaona marafiki wakinuniana kwa sababu mmoja alipiga hesabu kwenye jumla na mwenzake kwenye faida.

Rangi Saba
Kalamu, mimi ningedai hata 20. Hawa watu wa tovuti wanachukua templeti iliyo tayari, wanabandika nembo uliyoikeshea wewe, wanabadilisha rangi mbili, jioni wanatuma ankara. Asilimia 10 haiwapunguzii kitu.

Fundi Mtandao
Nilikuwa nasoma kimya ila Rangi Saba umenigusa pabaya. Rangi mbili? Basi nikueleze inavyokuwa. Nembo "iliyokeshewa" inanifikia ikiwa picha ya JPEG yenye weupe nyuma, imeshapita WhatsApp mara kadhaa, kingo zimechakaa. Naichora upya herufi kwa herufi, na hakuna mstari wa ankara unaosema "kurekebisha kazi ya mbunifu". Kisha mteja ananitumia maelezo ya kampuni yake kwa sauti. Kisha fomu ya malipo inakubali kwenye kompyuta na kugoma kwenye simu, na wanunuzi wake karibu wote wako kwenye simu. Templeti inatatua lipi hapo? Mtu asiyejua kazi asipige bei ya kazi.

Rangi Saba
JPEG hukupewa na mbunifu. Mbunifu anakabidhi folda yenye faili za vekta (zile unazoweza kuzikuza bila kingo kuharibika), za rangi, za nyeusi na nyeupe, na mwongozo wa matumizi. Mteja anakutumia picha aliyoipata kwenye simu yake, nawe badala ya kumpigia mbunifu unaanza kuchora nembo ya mtu. Nimekuta nembo yangu kwenye tovuti imenenepeshwa herufi na rangi si ile. Ungeuliza tu! Meseji moja.

Fundi Mtandao
Nimuulize mbunifu yupi? Wengine wakishakuunganisha na mteja wanapotea, wanaibuka siku ya malipo.

Rangi Saba
Taja basi ni nani, usitukusanye wote.

Fundi Mtandao
Sitaji mtu hapa. Aliyefanya anajijua.

Sina Upande
Jamani, swali lilikuwa la asilimia, sasa tunahesabu vekta. Mimi kinachonikera ni kwamba katika malumbano yote haya sijaona mtu akimtaja anayelipa. Asilimia 10 inatoka wapi? Fundi ataiongeza kwenye bei, basi. Kwa madaktari jambo hili limekatazwa: Chama cha Madaktari cha Marekani kwenye kanuni zake za maadili kinasema kulipana kwa sababu tu ya kupelekeana mgonjwa si uadilifu. Na Uingereza nadhani walishapiga marufuku ada hizi zote.

Wakili wa Zamu
Si zote. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013 kwa England na Wales, ilikataza wanasheria na kampuni za madai kulipana kwa kupelekeana watu walioumia kwenye ajali. Majina ya majeruhi yalikuwa yanauzwa kama bidhaa, na Jack Straw, aliyewahi kuwa waziri wa sheria, alilipigia kelele bungeni mwaka 2011. Kwenye mambo mengine mlango haukufungwa. Wakala wa nyumba anaweza bado kulipwa na mwanasheria aliyempelekea mnunuzi, mradi mnunuzi aambiwe.

Marekani, kanuni ya mfano ya chama cha wanasheria, ile ambayo majimbo huiiga, inaruhusu mawakili wa ofisi tofauti kugawana ada kwa masharti: ama kila mmoja apate kulingana na kazi aliyoifanya, ama wote wawili wabebe wajibu wa shauri zima. Na mteja akubali kwa maandishi, akijua kila mmoja anachukua kiasi gani. Hata hiyo Amazon ya Hesabu Kamili, anayewaletea wanunuzi kule anatakiwa aseme wazi kwamba analipwa. Tume ya biashara ya Marekani inalisimamia hilo.

Kwa hiyo Kalamu, ukitaka asilimia uwe tayari kubeba na lawama. Tovuti ikianguka siku ya uzinduzi, simu ya kwanza uipokee wewe.

Kalamu Nyekundu
Kunilinganisha na watu wanaouza majeruhi ni kunivunjia heshima. Nimeuliza swali kwa nia njema. Na wewe Sina Upande, mimi si daktari. Mtu akipelekwa kwa daktari mbaya anaweza kufa. Tovuti ikiwa mbaya inatengenezwa nyingine.

Sina Upande
Inatengenezwa nyingine kwa pesa ya nani, ndugu yangu? Mtu ameweka akiba yake yote kwenye duka la mtandaoni, miezi inapita halijafunguka, unamwambia itatengenezwa nyingine?

Mteja Mlipaji
Naona mnanizungumzia bila mimi, basi niseme. Nina biashara ndogo. Mbunifu wangu, ambaye sitamtaja, nilimuuliza kama ndugu: "Kati ya wote unaowajua, yupi ni mzuri zaidi?" Akanipa jina moja. Nikaomba makadirio ya bei, yakaja kwa barua pepe. Yule fundi hakuandika barua mpya, aliendeleza ileile aliyokuwa akiandikiana na mbunifu. Nikashuka chini kutafuta namba ya simu, nikakuta imeandikwa: "Asilimia yako 15 nimeiongeza juu ya bei kama tulivyokubaliana."

Kilichonichoma si pesa. Angeniambia tangu mwanzo kwamba akinipeleka pale anapata kitu, ningesema sawa, kila mtu anakula kwa kazi yake. Lakini mimi niliomba ushauri. Hadi leo sijui kama lile jina alinipa kwa sababu ndiye fundi mzuri au kwa sababu ndiye aliyekubali 15. Kazi yenyewe ilikuja vizuri, na bado kila neno lake sasa nalipima mara mbili. Nembo ya tawi langu la pili nimempa mtu mwingine.

Rangi Saba
Pole dada, ila na wewe ungeomba bei kwa watu wengine ulinganishe. Mfanyabiashara halipi bei ya kwanza anayotajiwa.

Mteja Mlipaji
Kaka, sikulinganisha kwa sababu nilimwamini. Si ndiyo hiyo imani ambayo Kalamu anasema ina thamani yake? Thamani hiyo niliitoa mimi.

Hesabu Kamili
Hapo dada amesema kweli, na mimi naongezea sharti kwenye nilichoandika juu: mteja ajue. Mstari mmoja tu kwenye barua ya kumtambulisha: "Nikikuunganisha na fulani, hunilipa asilimia 10 ya kazi ya kwanza." Aliyeshindwa kuandika mstari huo anajua mwenyewe kwa nini. Asilimia ninaiunga mkono bado. Siri siiungi.

Fundi Mtandao
Mimi nalipa asilimia kwa watu wawili watatu, nasema wazi. Ninaowalipa kwa moyo mweupe ni wale wanaokuja kwenye kikao cha kwanza, wanamweleza mteja kilicho kwenye bei na kisichokuwemo, na mteja akianza kuniongezea kurasa bila malipo wanamrudisha kwenye makubaliano. Huyo mpe hata 15. Ninayemkataa ni wa "nimekutumia namba yake, mpigie", halafu baada ya mwezi anauliza mzigo wake.

Wapo pia wasiotaka pesa: nampelekea anayehitaji nembo, ananipelekea anayehitaji tovuti. Wakili ataniambia kama na hiyo nayo ni ada.

Wakili wa Zamu
Kwa mawakili wa kule Marekani, kanuni zinaruhusu kupelekeana wateja hivyo kwa masharti mawili: makubaliano yasimfunge mmoja kumpelekea mwenzake pekee, na mteja aambiwe yapo. Unaona inarudi palepale, aambiwe.

Kalamu Nyekundu
Kuhusu kumwambia mteja, sijawahi kuficha, ila sikuwahi kusema kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nitaweka huo mstari. Lakini asilimia naiendeleza, sijaona hapa sababu ya kuniachisha.

Ila jambo moja hamjaligusa. Mteja niliyempeleka kwa fundi mapema mwaka huu amerudi kwake moja kwa moja na kazi kubwa kuliko ya kwanza. Hiyo asilimia yangu ipo au haipo?

Fundi Mtandao
Haipo. Wewe mwenyewe uliandika juu "kazi ya kwanza". Ya pili ameifuata kwa sababu ya kwanza niliifanya vizuri.

Rangi Saba
Ila bila Kalamu hiyo ya kwanza usingeipata.

Fundi Mtandao
Rangi Saba, umeanza tena.