Mrejesho: laini ya kilovolti 11 na radi huku Karagwe

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini transfoma yetu ya mlimani inaungua kila mvua zikianza, ilhali hatujaona radi ikipiga nguzo hata mara moja. Asanteni sana.

Mlionieleza kwamba radi ikipiga jirani tu inatosha kuamsha volti kubwa kwenye nyaya, mlinifumbua macho. Kumbe kifyonza radi, kile kifaa cha kupeleka volti hiyo ardhini, tulikuwa nacho, ila waya wake wa kwenda erthi (fito za metali zilizozikwa ardhini) ulizungushwa kama mzigo wa kuni, mrefu mno, karibu mita tatu! Tumeufupisha na kuufunga pia kwenye tangi la transfoma. Ukinzani wa erthi, ambao unatakiwa uwe mdogo, ulikuwa omu 48. Tukaongeza fito, ukashuka hadi 17. Omu kumi mlizosema tufikie hatukuzifikia, chini ni mwamba mtupu.

Masika yote transfoma imepona. Fyuzi bado zinakatika, hasa kwenye nguzo tatu za kileleni ambako vikombe vinavyoshika nyaya zisiguse nguzo vimepasuka. Hapo sijagusa, fedha hazijatosha. Na yule aliyeshauri chumvi kwenye shimo la erthi ili omu zishuke, mzee, niliogopa kutu, sikuiweka.