Jina la chapa ya unga: likipita BRELA (wakala wa usajili wa biashara), inatosha?

Swali: Wakuu, tunataka kusajili "Unga Bora" kwa unga wa lishe, Morogoro. Jina likikubaliwa, mwingine hawezi kulitumia?

Jibu 1: Hapana, mkuu. Jina la biashara na alama ya biashara ni sajili mbili, ingawa zote ziko BRELA. Kinacholinda chapa kwenye pakiti ni alama. Unga unaingia daraja la 30 kwenye orodha ya bidhaa za alama. Ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar wana msajili wao, BPRA. Cheti cha bara hakivuki maji.

Jibu 2: Hilo jina litakwama kwenye alama. Linataja bidhaa na kuisifu tu, na kila mwenye mashine ana haki ya kuuita unga wake bora. Chukua neno lisilohusu chakula, silabi mbili au tatu. Lisome kwa simu, msikilizaji aliandike. Akichanganya r na l, atakutafuta mtandaoni asikupate.

Jibu 3: Usichapishe mifuko kwanza! Tafuta kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni, pamoja na tahajia zinazokaribiana: kufanana kwa sauti kunatosha kukataliwa. Angalia na jina la tovuti la .co.tz siku hiyohiyo.